Nilivyowaruhusu Wafu Warudi

Usiku ule nililala na kisirani, na sababu ya kisirani ilikuwa makande. Niliyabandika alfajiri, nikaenda kanisani, nikarudi, nikayaunga kwa karanga na kitunguu, nikayapakua. Watoto watatu wamekaa kwenye meza yangu ya sebuleni, hawaoni sahani wala hawanioni mimi. Wanagombania maiti.

Nieleze kidogo. Mjukuu wangu Namsifu, mtoto wa binti yangu Nakijwa, yuko kidato cha tano, na kila likizo anakuja kukaa na mimi huku milimani Upare. Likizo hii alikuja na mchezo aliojifunza bwenini. Si karata, si bao. Ni mchezo wa kusimuliana. Namsifu anaitwa msimamizi, maana yeye ndiye aliyeitunga nchi. Ameichora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, na milima yake, na mito yake, na majoka mawili, na mambo ya nchi hiyo yote ameyaandika kwenye daftari la kaunta. Wenzake ni watoto wa jirani yangu Mzee Kirumbe. Yupo Kazeni, ambaye ndani ya mchezo ni kuhani mwenye kuponya watu, na yupo dada yake Pendo, ambaye ni mpiga mishale. Kila mmoja anasema anachotaka kufanya, halafu wanarusha dadu yenye pande ishirini, na dadu ndiyo inasema kama umefaulu au umeaibika. Niliutazama siku ya kwanza nikaona hauna madhara. Angalau hawako kwenye simu.

Jumapili hiyo kulikuwa na msiba. Ndani ya nchi ya Namsifu kuna mzee anayelinda bwawa la maji. Pendo, kwenye ukungu, alirusha mshale akidhani analipiga joka, akampiga mzee. Dadu ikaonyesha moja. Mzee akafa.

"Mimi sikumwona," Pendo anasema.

"Ungeuliza kwanza ni nani," Namsifu anasema.

"Kwani joka huwa linaulizwa jina?"

"Yaishe, namfufua," anasema Kazeni. "Kuhani anaweza. Natoa almasi moja, nasoma maneno, anaamka. Imeandikwa kwenye kitabu cha mchezo."

"Kwenye kitabu imeandikwa. Kwenye nchi yangu bado sijaamua. Wafu wakianza kuamka, nchi yote inabadilika."

"Inabadilika nini? Mzee mmoja tu!"

Huyo mzee mmoja tu namjua. Namsifu hakuniambia, lakini siku aliyomweleza wenzake kwamba ana kikohozi kikavu, na kwamba anapima maji kwa fimbo yenye alama saba, nilielewa ni nani aliyewekwa mle. Ni babu yake. Ni mume wangu Eliakimu, aliyekuwa mgawa maji wa ndiva yetu, na ana miaka miwili kaburini.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mkono na wazee wa zamani. Jioni tunaliziba, usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa na kila nyumba inapata zamu yake shambani. Mgawa maji anachovya fimbo, anasoma alama, anasema leo huyu alama mbili, yule moja. Hakuna ubishi, kwa sababu fimbo haina shemeji. Eliakimu alipokufa, fimbo ilibaki nyuma ya mlango wangu. Mzee Kirumbe, baba yao hawa, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na amekuja kuiomba mara tatu. Mara zote nimemwambia naitafuta. Tangu hapo wanakadiria kwa macho, na macho ya kila mtu yanapendelea shamba lake. Wiki iliyopita wanaume wawili walinyanyuliana majembe pale. Maharage yangu yenyewe yalishaanza kujikunja majani. Na bado nilikuwa naitafuta.

"Bibi," Namsifu akanigeukia, "wewe sema. Mzee afufuliwe au asifufuliwe?"

"Mfufueni. Makande yanapoa."

"Fikiri kwanza, Bibi. Ukisema ndiyo, inakuwa sheria ya nchi. Si yeye peke yake. Ni wafu wote."

"Nimesema mfufueni. Na hao wote waje, labda wao watakula."

Akashika kalamu. Nikasoma juu ya bega lake: Bibi ameruhusu.

Wakala. Usiku ulipoingia nikaenda kulala.

Nikasikia kikohozi uani. Kikavu, mara mbili, kisha kimya, kisha mara ya tatu, kama alivyokuwa akikohoa kila alfajiri kabla ya kwenda ndiva. Nikakaa kitandani. Mara siko kitandani, niko mlangoni, na mlango uko wazi, na nje kuna mwanga ambao si wa asubuhi wala si wa jioni.

Eliakimu amesimama pale. Kavaa suti tuliyomzika nayo, ile ya kijivu, na viatu vyake vyeusi. Anachechemea.

"Hodi," anasema.

Sikumkaribisha. Miaka miwili hajaleta hata salamu, leo hodi. Nikamtazama juu mpaka chini kama ninavyomtazama mtu aliyechelewa maziko.

Akaingia mwenyewe. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama nyuma ya mlango. Fimbo ipo. Akakaa kwenye kigoda chake.

"Nani kaniita?"

"Watoto."

"Wameniita na nini?"

"Na dadu."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilikuwa nimelala vizuri."

"Mimi ndiye niliyewaruhusu."

"Najua. Huko tulikolala ilisomwa kwa sauti. Bibi ameruhusu. Wakaulizana, bibi yupi huyo? Nikanyamaza."

"Umenionea aibu?"

"Si aibu. Mama alikuwa anasikiliza."

Sikupata nafasi ya kuuliza mama gani. Bakora inagonga sakafu. Mama mkwe wangu tulimzika mimi nikiwa na nywele nyeusi. Nilimlilia, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini siku ya tatu baada ya maziko nilikaa jikoni nikanywa uji peke yangu, na uji mtamu kama ule sijaunywa tena. Sasa anaingia bila hodi, kajifunga kaniki yake, anapitiliza mpaka jikoni, anafunua sufuria.

"Mke wa Eliakimu! Haya makande ni ya kula au ya kujengea?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuni mbichi. Na vyungu vyangu umevipeleka wapi?"

Mimi nina wajukuu tisa. Nina magoti mabovu. Kanisani nina kiti changu, na anayekikalia kwa kutojua huwa anaambiwa na wenzake ahame. Nikajiona nimepiga magoti, napuliza moto.

Faraja haikuchelewa. Nyuma yake anaingia mama mkwe wake yeye. Huyu sikuwahi kumwona, ni kibibi kifupi, kikavu, kimechonga meno ya mbele. "Wewe mke wa Mbonea!" anafoka. Na mama mkwe wangu, yule aliyenitwangisha mahindi siku ya pili baada ya kujifungua, ananywea, anapiga magoti pembeni yangu, anaokota kipande cha kuni. Nikamhurumia. Kidogo.

Kisha anaingia wa tatu, mama mkwe wa huyo kibibi. Na wa nne. Jiko langu ni la watu wawili. Wamejipanga mpaka uani, mpaka zizini, kila mmoja anamfokea aliye mbele yake, na kila amri inayotoka kule nyuma inashuka mdomo kwa mdomo mpaka inafika kwa wa mwisho. Wa mwisho ni mimi.

"Menya ndizi!"

"Menya ndizi!"

"Menya ndizi!"

Namenya ndizi. Nikimaliza mkungu, mwingine upo.

"Namsifu!" nikaita. Nilitaka na mimi nipate wa kumwambia. Namsifu hayupo.

Eliakimu amesimama kwenye mlango wa jiko. "Njoo uone ulichokifanya," anasema.

Nikanyanyuka. Kisu bado kiko mkononi, ganda la ndizi limening'inia kwenye kisu, lakini jiko halipo tena. Tuko juu ya ndiva.

Watu. Hata siku ya mnada sijaona watu kama wale. Foleni imeanzia kwenye ukingo wa maji, imezunguka mlima, imepotelea kwenye mawingu. Upande wa juu, makaburi yote yako wazi, na mchimba makaburi wetu amepanda kabichi ndani ya mashimo. "Udongo ulishatifuliwa," ananiambia, "nifanyeje?" Kabichi zimestawi, siwezi kumsingizia. Mchungaji amekaa juu ya jiwe, Biblia imefungwa mapajani.

"Mama Nakijwa," ananiambia kwa upole, "nikihubiri ufufuo, wananijibu wametoka huko asubuhi."

Mzee Kirumbe naye nikamwona. Uenyekiti wa kamati umechukuliwa na babu yake, na babu yake kanyang'anywa na babu yake, na Kirumbe, mtu mzima mwenye mvi, anatumwa tumbaku. Anakimbia, kofia mkononi. Kila aliye hai pale ameshakuwa mtoto tena. Hakuna anayerithi kitu, kwa sababu hakuna anayeacha kitu.

Nikasogea mbele ya foleni kwa adabu. Waliotangulia ni wale walioichimba ndiva yenyewe, wanaume wenye vifua vipana kama milango, wameegemea majembe ya chuma kilichofuliwa kwa mawe.

"Shikamooni, wazee. Samahani, zamu yangu ni Jumatano."

Wakatazamana.

"Jumatano ipi?"

"Hii."

"Binti," anasema wa kwanza, "Jumatano hii ni yangu. Inayofuata ni ya huyu. Sisi ndio tuliochimba."

"Na mimi?"

Akahesabu kwa vidole. Vikamwishia, akaazima vya mwenzake. "Una mjukuu?"

"Ninao."

"Na yeye ana mjukuu?"

"Yuko shuleni!"

"Basi huyo mjukuu wa mjukuu wako ndiye atakayepewa Jumatano. Kama sisi tutakuwa tumeondoka." Akacheka mpaka jembe likamdondoka. "Na sisi hatuondoki!"

Kule bondeni naliona shamba langu. Majani ya maharage yamekuwa kama karatasi iliyopita motoni.

Pembeni yetu wanaume wawili wananyanyuliana majembe, ni wale wale wa wiki iliyopita. Mmoja akampiga mwenzake, mwenzake akaanguka kwenye tope, kimya. Nikaweka mikono kichwani nikapiga yowe, lile la msibani, lile ambalo ukilipiga milima mitatu inasimama. Hakuna aliyegeuka. Mara Kazeni huyo, anakuja mbio kajifunga shuka langu la kitandani, na begani ana mfuko wa mawe unaogongana. Anapenyeza jiwe moja mdomoni mwa marehemu, anabwabwaja maneno, na marehemu anakaa, anajifuta tope, anarudi kwenye foleni. Aliyempiga ameshaanza kutafuna muwa.

"Umemwua mtu!" nikamwambia.

"Ameamka."

"Hata pole hujampa?"

"Pole ya nini, Bibi? Si ameamka?"

Nikasikiliza. Nikasikiliza foleni ile yote, wanagombana, wanakanyagana, wanatukanana matusi ya zamani na ya sasa, na katika kelele zote zile hakuna mdomo uliokuwa unasema pole wala samahani. Maneno hayo yalishasahaulika, kama nyimbo za kutwangia.

Nikasema basi, ubaya wote huu, angalau nimwone Nanzia. Nanzia ni rafiki yangu wa usichana, alifariki akijifungua, na mambo niliyomwekea kumwambia ni mengi. Nikapita foleni uso kwa uso. Hayupo.

"Kazeni! Nanzia yuko wapi?"

"Ana mtu wa kumtolea almasi, Bibi?"

"Hana."

"Basi yuko kule kule." Akakimbia, shuka langu linaburuzika. Kuna mbuzi wa tajiri amekufa.

Na katikati ya yote, kwenye ukingo wa maji, Eliakimu. Wanampigia kelele, "Pima! Pima! Si ndiyo umefufuliwa upime?" Mkononi hana kitu. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, wanasema kiwiko kinapendelea. Anazamisha tena mpaka begani, wanasema kalowesha suti makusudi. Akainua uso akanitafuta kwenye watu wote wale, akanipata.

"Fimbo?"

Nataka kukimbia nyumbani nikaichukue. Miguu haitoki. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, mbele ya wazee walioichimba ndiva, mbele ya mchungaji, mbele ya mama wakwe wote.

"Naitafuta."

Foleni nzima ikacheka mpaka mawinguni. Yeye hakucheka.

Kicheko kikafifia, kikawa sauti ya maji yanayochemka kwenye birika. Tuko jikoni, wawili tu. Moto ni mdogo. Chai nimeshaimimina, sijui saa ngapi. Eliakimu ameinama anavua kiatu kimoja, anajisugua kisigino.

"Vinabana," anasema. "Mlinizika bila soksi."

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Nakijwa. Asubuhi aliyofariki tulikuwa tumenuniana. Alikuwa ametoa zamu yetu ya maji akampa mjane wa ng'ambo ya kijito, bila kuniuliza, na mimi maharage yangu yalikuwa kwenye maua. Niko uani napepeta mahindi, nikamsikia ananiita kutoka chumbani. "Mama Nakijwa!" Nikapepeta. Akaita tena, nikapepeta kwa nguvu zaidi, ili asikie kwamba nimesikia. Mara ya tatu hakuita. Nilipoingia ndani alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, na hakuwa na haja tena ya kuitikiwa.

Kwa hiyo watoto waliponiuliza afufuliwe au asifufuliwe, makande yalikuwa kisingizio.

"Siku ile uliniita," nikasema. "Ulitaka nini?"

Akafikiri. Anapuliza chai, anafikiri. Mimi nimejishika kwenye kigoda. Nimejiandaa kwa kila kitu. Nimejiandaa kuambiwa kwamba maumivu yalikuwa makali na mimi nilikuwa hatua kumi tu. Nimejiandaa kwa wosia. Nimejiandaa kwa laana.

"Soksi," anasema.

"Nini?"

"Niliiona moja. Nikawa naulizia ya pili."

"Soksi?"

"Miguu ilikuwa ya baridi."

Nikacheka. Nilicheka mpaka khanga ikanifunguka, mpaka chai ikamwagika kwenye majivu, na katikati ya kicheko nikakuta nalia, na vyote viwili havikutaka kuachiana nafasi. Miaka miwili nimebeba soksi moja nikidhani ni jiwe la kusagia.

"Pole," nikasema nilipoweza. "Nilikusikia. Sikuitika makusudi."

"Najua. Ungo ulikuwa unasema."

"Pole, Baba Nakijwa."

"Nimepokea."

Akanywa chai yake mpaka chini, akatazama majani yaliyobaki kwenye kikombe. "Kama ningekuwa mtu wa kufufuka," anasema, "pole hii ungenipa lini?"

Ningempa kesho. Kila siku ningempa kesho.

Akavaa kiatu. "Mwambie Namsifu afute alichoandika. Mimi sikurudi, nimetembelea tu. Hodi, chai kikombe kimoja, kwaheri, inatosha. Na ile fimbo, mchwa wameshaifikia."

"Kaa kidogo."

"Nikikaa mimi, mama naye anakaa."

Nikanyanyuka upesi nikamfungulia mlango.

Akapita uani, akapita zizi, anachechemea, suti ya kijivu inaingia kwenye ukungu kidogo kidogo, mabega kwanza, mwisho visigino. Nikabaki nimesimama kizingitini. Kisha kutoka kule kwenye ukungu, mara moja tu, sauti yake ile ile:

"Mama Nakijwa!"

"Abee!"

Nikaamka na sauti yangu mwenyewe. Niliitika kwa nguvu mpaka kuku wakashtuka bandani na mbwa wa Kirumbe akaanza kubweka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Namsifu akaja mbio na tochi, kitenge kakivaa nyuma mbele.

"Bibi! Bibi, unamwitikia nani?"

"Niliyechelewa kumwitikia. Kalete daftari."

"Daftari lipi?"

"La nchi yako. Na kalamu."

Akakaa pembeni ya kitanda changu. Nikamwambia afute ile ya jana, akaikata kwa mstari.

"Andika. Nchi hii wafu hawafufuliwi."

"Hata kwa almasi?"

"Hasa kwa almasi. Andika tena. Wanaruhusiwa kutembelea, mtu akiwa amelala. Wanapiga hodi. Wanakunywa chai kikombe kimoja, wanasema walilojia, wanaondoka."

Kalamu yake ikasimama. Alinitazama, na nikaona ameelewa aliyekuja. Macho yakamjaa maji, lakini ni mtoto wa Nakijwa, hakuyaachia. "Wote, Bibi? Wote wanaruhusiwa?"

"Mama wakwe mmoja mmoja."

Akaandika. Kisha akauma kalamu. "Ila sasa mchezo umekwama. Mzee amekufa, hafufuki, na nchi inakauka. Nani atagawa maji?"

Nikashuka kitandani, nikaenda nyuma ya mlango, nikaishika fimbo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa tangu nilipoiegemeza pale. Njia ya udongo ya mchwa ilikuwa imepanda kutoka sakafuni, na kitako cha fimbo kikanimomonyokea mkononi kama mkate mkavu. Alama ya kwanza ilikuwa imeliwa yote. Sita zilikuwa nzima.

"Kamwite Pendo," nikasema. "Aje na panga."

Pendo akaja na tongotongo machoni, panga mkononi, amejaa wasiwasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwua mzee wa bwawa?"

"Bibi, ilikuwa dadu. Na ukungu..."

"Umempa pole?"

Akamtazama Namsifu, akanitazama mimi, akaitazama fimbo iliyoliwa. Nadhani alitaka kucheka. Alipoona uso wangu hakucheka. "Bado."

"Mpe."

"Pole, mzee," akaiambia fimbo, taratibu, kama mtu anayemwambia mtu.

"Sasa nenda kijitoni, ukate mti mgumu, mnyoofu, unaofika hapa begani kwangu. Uje uchanje alama kwa kufuatisha hizi. Ziwe saba."

"Hapa ziko sita, Bibi. Ya kwanza nitajuaje inakaa wapi?"

"Kutoka chini, shubiri moja ya Eliakimu." Nikanyoosha kiganja changu, nikatandaza vidole. "Yaani shubiri yangu mimi, na kidole kimoja juu. Mkono wake naujua."

Akapima kwenye kiganja changu kwa ncha ya panga, kwa uangalifu, asinikate.

"Ukimaliza uipeleke kwa baba yako," nikamwambia. "Mwambie nimeipata."